Kuipiga chenga kinga: kazi za protini ambazo bakteria huzitoa nje

Kingamwili ya IgG ina umbo la herufi Y. Mikono yake miwili humshika adui, na mguu wake ndio unaoita msaada: seli nyeupe huushika mguu huo kwa vipokezi vyao, na komplementi, lile kundi la protini za damu zinazoamshana moja baada ya nyingine, huanzia hapo hapo. Kati ya mikono na mguu kuna kiungo kinachokunjika. Streptococcus pyogenes, bakteria wa maumivu ya koo na wa maambukizi ya ngozi yanayoweza kuua, hutoa kimeng'enya kiitwacho IdeS ambacho hukata chini kidogo ya kiungo hicho, kati ya glisini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) ya 236 na ya 237. Ukikitia kwenye damu yenye mamia ya protini nyingine, kitaziacha zote na kuifuata IgG.

Baada ya mkato huo, mikono hubaki imemng'ang'ania bakteria. Kingamwili ipo na imeshika, lakini haina mguu wa kuitia mtu; na kwa kuwa imekalia nafasi, kingamwili nzima inayokuja nyuma yake haina pa kushika. Bakteria amejivika silaha za adui wake kama koti.

Naanza na IdeS kwa sababu inaonyesha tabia ya kundi zima. Damu ya mtu mzima ina takribani gramu 10 za IgG kwa lita, na hakuna bakteria awezaye kuimaliza yote. Wala hahitaji. Anahitaji kusafisha eneo lake dogo, kwa saa chache, kwa kugusa mahali palipochaguliwa vizuri. Shida yake ni kwamba kila anapogusa huacha alama, na mwili umejifunza kusoma alama hizo. Protini nyingi zinazoonekana za ajabu au za ziada hueleweka pale unapouliza ni alama ya protini gani nyingine zimekuja kufuta.

IdeS ilielezwa mwaka 2002 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Hukata kwa hatua mbili: kwanza mnyororo mzito mmoja, haraka, kisha wa pili, polepole zaidi. IgG iliyokatwa upande mmoja bado imeshikamana, na mtu asiyejua ataiona kama nzima. Ukiipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, bila kuvunja vifungo vya salfa, nzima husimama karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 150, iliyokatwa mara moja hushuka hadi 125 hivi, na mikono peke yake hukaa karibu na 100. Anayesoma jeli mapema anaona mistari miwili iliyokaribiana sana na kuandika kwamba kimeng'enya hakifanyi kazi, ilhali IgG iliyokatwa upande mmoja tayari imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuita seli nyeupe.

Bakteria huyo huyo ana EndoS, ambayo haikati protini kabisa bali hung'oa mnyororo wa sukari ulio kwenye asparajini ya 297 ya mguu wa IgG. Bila sukari hiyo mguu hubadilika umbo na vipokezi haviushiki vizuri. Ana pia kimeng'enya cha kukata C5a, kile kipande cha komplementi chenye asidi amino 74 kinachoita neutrofili, seli nyeupe zinazofika kwanza vitani. Huondoa asidi amino 7 za mwisho tu, na mwito unakufa. SpyCEP huifanyia IL-8, mwito mwingine wa neutrofili, jambo kama hilo. Ndiyo maana katika maambukizi mabaya ya bakteria huyu unaweza kukuta tishu imeoza, bakteria wamejaa, na neutrofili ni wachache kuliko ulivyotarajia.

Kwenye utando wa kamasi, kingamwili kuu ni IgA. Neisseria gonorrhoeae wa kisonono, Neisseria meningitidis wa homa ya uti wa mgongo, Haemophilus influenzae na Streptococcus pneumoniae wote hutoa vimeng'enya vya kukata kiungo cha IgA1. Wawili wa Neisseria pamoja na Haemophilus hutumia kimeng'enya chenye serini; yule wa nimonia anatumia chenye zinki. Ukoo ni tofauti, mahali pa kukata ni pale pale. Kuna aina nyingine, IgA2, ambayo kiungo chake ni kifupi kwa asidi amino 13, na vimeng'enya hivi havina pa kuikata. Hadithi inapendeza, lakini ina doa: wanaume waliojitolea kuambukizwa kisonono kisicho na kimeng'enya hicho waliugua kama kawaida, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Protini inaweza kukata kingamwili vizuri ajabu kwenye chupa na bado isiwe ndiyo inayoamua ugonjwa kwa mtu.

Fundi mkuu

Ningeambiwa nichague bakteria mmoja wa kufundishia somo hili, ningemchukua Staphylococcus aureus. Hana sindano ya kudunga protini ndani ya seli za mwenyeji, kwa hiyo karibu kila anachokitumia kiko nje, kinapimika.

Protini A huishika IgG kwa mguu, kichwa chini miguu juu, hivi kwamba mikono inaelekea hewani na mguu umefichwa. Nyingine hubaki ukutani, nyingine huachiwa. Ile iliyoachiwa hubana vipokezi vya seli B za ukoo wa VH3 na kuzisukuma zizalishe kingamwili zisizolenga kitu cha maana. Katika maabara protini hii ni tegemeo la kusafishia kingamwili, na hapo hapo ni mtego. Ukitafuta protini yoyote ya S. aureus kwa kingamwili ya sungura, utapata mstari mnene karibu na kilodaltoni 50 hata kama protini unayoitafuta haipo, kwa sababu protini A imeikamata kingamwili yako. Tumia aina iliyoondolewa jeni ya spa, yaani ya protini A, au kingamwili ya kuku, IgY, ambayo protini A haiishiki. Nimeona michoro ya kutosha yenye mstari huo ikitafsiriwa kama ugunduzi.

SCIN ni protini ndogo, kilodaltoni 10 hivi, inayokaa juu ya kimeng'enya kinachokata C3 katikati ya komplementi. Haikivunji. Hukigandisha: kimeng'enya hicho kwa kawaida husambaratika chenyewe baada ya dakika chache na vipande vyake kutumika tena, SCIN hukifanya kidumu kikiwa kimekufa. CHIPS huziba vipokezi viwili vya neutrofili, kile cha C5a na kile kinachonusa peptidi zenye fomili, yaani harufu ya bakteria mwenyewe. Jeni za SCIN, CHIPS na stafilokinasi husafiri pamoja kwenye virusi vya bakteria vinavyojichomeka katikati ya jeni ya hemolisini beta na kuizima. Bakteria anapoteza sumu moja na kupata kifurushi cha kujificha kinachofanya kazi kwa binadamu. Aina zilizozoea mifugo mara nyingi hazina kifurushi hiki, na kuitafuta jeni ya scn, yaani ya SCIN, ni njia ya haraka ya kukisia kama aina uliyoipata imetoka kwa mtu au kwa mnyama.

Koagulasi inajulikana na kila aliyewahi kukaa benchi la mikrobiolojia, ingawa wengi huifahamu kama kipimo na si kama mbinu ya kujificha. Hupenyeza ncha yake ndani ya protrombini na kuiamsha bila kuikata, kisha fibrinojeni inakuwa fibrini na bakteria anajifunika. Baadaye stafilokinasi, kwa kuiamsha plasminojeni, protini ya damu inayoyeyusha fibrini, huyeyusha fuko hilo na kumwachia huru. Mfuatano huo ndio unaoharibu kipimo. Unachanganya makoloni machache na nusu mililita ya plazma ya sungura, unaweka kwenye nyuzi 37, unasoma kila saa hadi saa 4. Anayeweka usiku na kusoma asubuhi tu anaweza kukuta maji: plazma iliganda, kisha stafilokinasi ikaiyeyusha, na S. aureus akaandikwa kuwa si yeye. Kosa la upande wa pili hutoka kwenye plazma yenye sitrati, kwa kuwa bakteria wengine, kama Enterococcus, huila sitrati, kalsiamu ikaachiwa, plazma ikaganda bila koagulasi yoyote. Plazma yenye EDTA huondoa tatizo hilo.

Halafu kuna nyavu. Neutrofili anayekufa vitani hutema DNA yake pamoja na vimeng'enya vya kuua, na bakteria hunaswa humo. S. aureus hutoa nyukliasi inayokata nyavu hizo. Mpaka hapo ni kujinasua tu. Lakini kimeng'enya cha pili, AdsA, kilichoshikizwa ukutani kwake, huchukua vipande vilivyokatwa na kuving'oa fosfeti hadi ipatikane deoksiadenosini. Makrofeji, seli nyeupe kubwa zinazomeza bakteria, huivuta ndani, huigeuza kuwa dATP nyingi kupita kiasi, na kujiua. Jipu likipasuliwa, katikati utakuta bakteria na neutrofili waliokufa, na makrofeji wako pembeni, hawaingii. Kazi hii ilionyeshwa mwaka 2013, na kwangu ndiyo mbinu safi kuliko zote: taka za silaha ya adui zinageuzwa sumu ya askari wanaofuata.

Lukosidini zake, sumu za vipande viwili zinazotoboa seli nyeupe, zinahitaji neno moja kuhusu panya. Mojawapo, PVL, ilipewa jina la Panton na Valentine, walioielezea mwaka 1932. Kipokezi chake, kile cha C5a, kilijulikana mwaka 2013. Seli za binadamu na za sungura hutobolewa. Za panya hazitobolewi, kwa sababu kipokezi chao kina umbo tofauti. Miaka mingi ya mabishano kuhusu kama PVL ina maana yoyote ilitokana na kuipima kwa mnyama asiye na tundu la ufunguo huo. CHIPS, SCIN, streptokinasi (ya Streptococcus) na vimeng'enya vya IgA1 vina upendeleo huo huo kwa binadamu. Chanjo kadhaa za S. aureus zilizowakinga panya zilishindwa zilipopelekwa kwa watu, na ingawa sababu ni zaidi ya moja, mtu anayepanga jaribio jipya bila kuuliza kwanza kama protini yake inaijua protini ya panya anajitafutia hasara.

Milango ya kutokea

Bakteria wenye utando mmoja, kama hao wawili hapo juu, wana kazi rahisi: protini hubeba utangulizi wa asidi amino 20 hadi 30 hivi, hupita mlango wa Sec, utangulizi hukatwa, basi. Wenye tando mbili wamelazimika kubuni. Vimeng'enya vya IgA1 vya Neisseria hutumia mkia wao wenyewe kama mlango kwenye utando wa nje. Legionella ana mfumo wa aina ya nne unaodunga protini zaidi ya 300 tofauti. Mfumo wa aina ya tatu ndio unaofanana na sindano hasa: kwa Yersinia ina urefu wa nanomita 60 hivi, na tundu la nanomita 2 na kidogo.

Tundu hilo dogo lina matokeo ya vitendo. Protini haipiti ikiwa imekunjwa. Ni lazima inyooshwe, na ndiyo maana nyingi zina protini mlezi inayozishika ndani ya bakteria zisijikunje mapema. Alama ya kutoka iko kwenye asidi amino 20 hivi za mwanzo, na haikatwi. Ukiunganisha protini yako na GFP, protini inayong'aa kijani, ili uione ikiingia kwenye seli, GFP hujikunja kuwa pipa gumu na kukwama. Usipopata mwanga ndani ya seli, usiseme protini haidungwi. Umeziba bomba mwenyewe.

Yersinia na kengele ya pirini

Yersinia wa kuhara na yule wa tauni hubeba plasmidi (duara la DNA lililo nje ya kromosomu) ya takribani kilobesi 70 yenye sindano na risasi zake, zinazoitwa Yop. Kwenye nyuzi 37, bakteria anapogusana na makrofeji au neutrofili, sindano hufunguka. YopH hung'oa fosfeti kwenye tairosini za protini zinazoandaa kumeza, na kumeza kunasimama ndani ya dakika. YopE huzima swichi za Rho, kundi la protini lenye RhoA, zinazoendesha mifupa ya seli. YopT hukata mkia wa mafuta wa RhoA ili isiweze kukaa kwenye utando. YopJ hubandika asetili kwenye serini na threonini zile zile ambazo zingebandikwa fosfeti kwenye kinasi (vimeng'enya vya kubandika fosfeti) za njia ya MAPK na IKK, zinazopeleka ishara za kinga. Nafasi imekaliwa, ishara ya kuzalisha saitokini, protini za kuitana za seli za kinga, haipiti. Hilo la asetili lilieleweka mwaka 2006, na kabla ya hapo wengi walidhani YopJ ni mkasi.

Sasa hapa ndipo mwili unapolipiza. Seli haina njia ya kumtambua kila bakteria kwa sura, lakini inaweza kujua kwamba RhoA yake imezimwa. RhoA ikiwa hai, kinasi zinazoitwa PKN huibandika fosfeti pirini, protini ya seli nyeupe inayolinda kama kengele, na pirini hulala. RhoA ikizimwa, fosfeti hutoka, pirini huamka, inflamasomu, mtambo wa protini wa kuamsha uvimbe, hujengwa, kaspesi-1, kimeng'enya chake cha kukata, huikata gasdemini D, protini ya kutoboa, utando wa seli hutobolewa na IL-1β, saitokini ya homa, humwagika nje. Seli inakufa kwa kelele, na bakteria amepoteza maficho. Kwa maneno mengine, YopE na YopT, zinazomwokoa bakteria asimezwe, ndizo zinazopiga kengele.

YopM ipo kwa ajili ya hilo. Huzikamata kinasi za PKN na kuzileta mpaka kwenye pirini, zikaendelea kuibandika fosfeti ingawa RhoA imekufa. Bakteria asiye na YopM hudhoofika sana kwa panya wa kawaida, lakini ukimwambukiza panya asiye na pirini, ugonjwa unarudi. Jaribio hilo la kuondoa pande zote mbili ndilo linalothibitisha kwamba protini moja ilikuja kufuta alama ya nyingine. Kuondoa upande wa bakteria peke yake hakutoshi.

Kuna watu wenye mabadiliko kwenye jeni ya pirini, MEFV, wanaopata homa za kurudiarudia za kurithi za eneo la Mediterania. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba pirini yenye mabadiliko hayo haishikwi vizuri na YopM, na kwamba seli za watu hao hutoa IL-1β zaidi zinapokutana na Yersinia pestis. Walipendekeza kwamba tauni ndiyo iliyoyapa mabadiliko hayo nafasi ya kuenea. Sehemu ya seli ina ushahidi mzuri. Sehemu ya historia ni ngumu zaidi kuithibitisha.

YopJ nayo ina kengele yake. Seli ikiona njia za TAK1 na IKK, zile zinazozimwa na YopJ, zimefungwa, RIPK1 (kinasi) na kaspesi-8, vinavyoongoza kifo cha seli, huchukua usukani, na kaspesi-8 nayo inaweza kuikata gasdemini D. Vikundi viwili vilionyesha hilo mwaka 2018. Wakati fulani kifo hiki cha makrofeji kilisomwa kama ushindi wa bakteria. Panya ambao RIPK1 yao haiwezi kufanya kazi ya kinasi hufa haraka zaidi kwa Yersinia, kwa hiyo kifo hicho kinamfaa mwenyeji. Ukiona seli zinakufa kwenye sahani, usikimbilie kumpa bakteria alama.

Shigella wa kuhara damu amekwenda mbali zaidi. OspC3 hubandika sehemu ya NAD kwenye arginini ya kaspesi-4, kaspesi inayonusa ukuta wa bakteria ndani ya seli, na kuizima; IpaH9.8 hubandika ubikwitini, lebo ya kuharibiwa, kwenye GBP1, protini ya seli ya kujikinga na bakteria, ili iharibiwe. Anayemkuza anapaswa kujua kwamba plasmidi yake kubwa, kilobesi 220 hivi, hupotea kirahisi. Mpande kwenye agari yenye rangi ya Congo red na uchukue makoloni mekundu. Koloni jeupe limepoteza sindano, na matokeo yake yatakuwa ya bakteria mwingine kabisa.

Ukitarajia kwamba kuondoa protini moja kutaonyesha kazi yake, Legionella atakuvunja moyo. Karibu theluthi ya protini zake za kudunga zimewahi kuondolewa kwa pamoja, na bado alikua ndani ya makrofeji za panya, ingawa alishindwa ndani ya baadhi ya amiba. Kwa Citrobacter rodentium, mwenye protini 31 za namna hii, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hata zikipunguzwa kwa zaidi ya nusu bado anaweza kuambukiza panya, kutegemea ni zipi zimeondolewa na zipi zimebaki.

Kifua kikuu na sabuni iliyosahauliwa

Mycobacterium tuberculosis hutoa ESAT-6 na mwenzake CFP-10 kupitia mfumo wa ESX-1. Jeni zake ziko eneo linaloitwa RD1, takribani kilobesi 9.5, ambalo BCG, bakteria wa chanjo ya kifua kikuu, haina. Lilipotea katika mapandikizo 230, yaani kuhamishiwa chakula kipya tena na tena, ya Calmette na Guérin, waliotengeneza chanjo hiyo, kati ya 1908 na 1921. Ndiyo maana kipimo cha damu kinachotumia protini hizi mbili hakidanganywi na chanjo ya BCG kama kile cha kuchoma ngozi. ESX-1 hupasua kifuko alimofungiwa bakteria. DNA yake huonekana kwenye sitosoli, yaani maji ya ndani ya seli, cGAS, protini ya seli inayonusa DNA, huigundua, interferoni za aina ya kwanza, ishara za kinga, hutolewa, na katika kifua kikuu interferoni hizo mara nyingi humsaidia bakteria. Kengele nyingine humfaa mwizi.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ESAT-6 peke yake hutoboa utando, kwa sababu ile iliyosafishwa kutoka E. coli iliyeyusha seli. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba sehemu kubwa ya myeyuko huo ilitoka kwa sabuni, ASB-14, iliyotumika kwenye usafishaji na kubaki kwenye chupa. Bakteria mzima anapogusa utando huuharibu kwa njia nyingine, akiwa amegusana nao. Jaribio la kujilinda lilikuwa rahisi: chukua bafa ile ile iliyopita hatua zote za usafishaji bila protini, uiweke kwenye seli.

Mtego wa pili wa protini za E. coli ni LPS, mafuta yenye sukari ya utando wake wa nje, yaitwayo pia endotoksini. Makrofeji huijibu kwa kiasi cha chini ya nanogramu moja kwa mililita. Protini yoyote unayodai inaamsha au kuzima saitokini ipimwe endotoksini, kisha ichemshwe: protini hufa kwenye nyuzi 95 kwa nusu saa, LPS haifi. Kama iliyochemshwa inafanya kazi sawa na mbichi, ulikuwa unapima LPS. Ukiwa na makrofeji zisizo na TLR4, kipokezi cha LPS, utapata jibu safi zaidi.

Kuthibitisha kwamba imetolewa kweli

Bakteria hufa, na wakifa humwaga kila kitu. Protini kuonekana kwenye maji walimokuzwa bakteria si ushahidi kwamba imetolewa. Kwa Yersinia enterocolitica, kuza kwenye nyuzi 26 kwanza, kisha kwenye mchuzi wa kukuzia wa BHI wenye sodiamu oksaleti milimola 20 na magnesiamu kloridi milimola 20 ili kalsiamu iondoke, hamishia nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 4. Wanaotoa Yop husimama kukua. Wanaoendelea kukua vizuri bila kalsiamu wana uwezekano mkubwa wa kuwa wamepoteza plasmidi.

Pima OD600, kipimo cha wingi wa bakteria kwa mwanga, zungusha kwenye baridi, chukua maji ya juu bila kugusa tope, chuja kwa mikromita 0.22. Ongeza TCA, asidi ya kushusha protini, hadi asilimia 10, acha kwenye barafu angalau nusu saa. Kama protini ni chache, tia deoksikoleti kidogo iwe mbebaji, la sivyo hazitashuka. Zungusha kwa nguvu ya g 15,000 dakika 20, osha mara mbili kwa asetoni baridi, na usiikaushe kupita kiasi, kwani tope lililokauka kabisa halirudi kuyeyuka. Rangi ya bafa ya kupakia kwenye jeli ikigeuka njano, asidi imebaki: ongeza mikrolita moja moja ya Tris hadi irudi buluu. Pakia kulingana na OD, si kulingana na ujazo.

Jeli hiyo haina maana bila vitu vitatu: bakteria asiye na injini ya sindano, kama yscN, tope la seli nzima la kila mmoja, kuonyesha protini ilitengenezwa, na protini ya ndani isiyotoka, DnaK kwa mfano, itafutwe kwenye maji ya juu. DnaK ikionekana huko, rudia, usielezee.

Kudunga ndani ya seli hupimwa vizuri kwa kuunganisha protini na kimeng'enya cha beta-laktamasi, TEM-1, na kuzijaza seli rangi ya CCF4-AM ambayo kimeng'enya hicho hukata. Ukiiangaza kwa nanomita 409, rangi nzima hung'aa kijani, karibu 520. Ikikatwa hung'aa buluu, karibu 447. Tia probenesidi, la sivyo seli huitema rangi. Kumbuka TEM-1 humpa bakteria usugu wa ampisilini, kwa hiyo plasmidi yako iwe na alama nyingine. Na usiitengeneze protini kwa promota yenye nguvu kupita kiasi: sindano ikipewa mzigo mara kumi ya kawaida, itadunga hata kisichostahili.

IdeS yenyewe sasa ni dawa, imlifidase, iliyopata idhini ya masharti Umoja wa Ulaya Agosti 2020 kwa wagonjwa wanaosubiri figo ambao damu yao imejaa kingamwili dhidi ya watu wengi. Dozi ni miligramu 0.25 kwa kilo, na ndani ya saa chache IgG ya mwili huwa imekatwa; dirisha ni la siku chache, kisha kingamwili huanza kurudi. Watu wengi tayari wana kingamwili dhidi ya IdeS kwa sababu waliwahi kuumwa koo, na baada ya dozi ya kwanza hupanda, jambo linalofanya kurudia kuwe kugumu. IgG iliyokatwa upande mmoja tu, ile ile ya kwenye jeli, bado ina mguu, kwa hiyo kipimo cha maabara kinachoutafuta mguu huo kinaweza kusema kingamwili ipo nzima. Dawa nyingine zilizotengenezwa kwa IgG, kama rituximab, zinapaswa kusubiri siku kadhaa, kwani kimeng'enya hakibagui IgG ya mgonjwa na ile iliyotoka kwenye chupa.